Namna ya kuufikia muziki wa kielektroniki uliojificha mtandaoni

Msikivu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nimekuwa msikilizaji wa tekno, hausi na elektro kwa muda mrefu, na majina yanayotajwa sana katika muziki huu nayafahamu vya kutosha. Kinachonikera ni kwamba kila ninapofungua programu ya kusikilizia muziki, mapendekezo ninayoletewa ni ya wasanii walewale. Hata nikianza na wimbo ambao nadhani haujulikani na wengi, haupiti muda kabla sijarudishwa kwa vigogo niliokuwa nikijaribu kuwakwepa. Wakati huohuo, nikisikiliza miksi, yaani nyimbo zilizounganishwa mfululizo, za madijei wanaoheshimiwa kwa uchimbaji wao wa nyimbo adimu, nasikia nyimbo nzuri ambazo hazimo katika programu hiyo, hazikutajwa majina, na hata Shazam, programu ya kutambua nyimbo, haizitambui.

Nina maswali mawili. La kwanza: mtu anayetaka kuufikia muziki ambao haujatangazwa popote aanzie wapi, na afuate utaratibu gani ili asiwe anabahatisha tu? La pili: wimbo uliosikika katikati ya miksi isiyo na orodha ya nyimbo hutambuliwaje? Siombi majina ya wasanii wa kuwasikiliza, kwa sababu orodha huisha. Naomba njia ambazo ninyi wenyewe mnazitumia.

Mchimba Santuri alijibu:

Ndugu Msikivu, swali lako la kwanza lina jibu refu kuliko la pili, kwa hiyo nitashughulika na hilo na kuwaachia wengine lile jingine.

Kwanza tuelewe kwa nini programu hizo zinakurudisha palepale. Sehemu kubwa ya mapendekezo hutokana na mienendo ya wasikilizaji: watu wengi waliosikiliza wimbo huu wakiwa wamesikiliza na ule, mfumo huzihesabu nyimbo hizo mbili kuwa zinahusiana. Wimbo uliosikilizwa na watu wachache mno haujaacha alama za kutosha za kuuhusisha na kitu chochote, na kwa sababu hiyo haupendekezwi, na kwa kuwa haupendekezwi hausikilizwi. Tena tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1000 katika miezi 12 iliyotangulia, jambo ambalo limewapa watunzi wadogo sababu moja zaidi ya kutojihangaisha kuweka kazi zao huko. Unachokitafuta, basi, mara nyingine hakimo kabisa katika ghala unalolipekua, na hakuna ufundi wa kutafuta utakaokitoa mahali ambapo hakipo.

Njia ninayoitumia mimi ni kuacha kumfuata msanii na kuanza kuifuata lebo, yaani kampuni inayotoa muziki. Katika muziki huu lebo ndogo huwa ni mtu mmoja au wawili wenye sikio la namna yake, wanaotoa nakala mia chache za santuri moja kisha wakaendelea na nyingine, na uchaguzi wao una maana kubwa kuliko jina la msanii, ambalo mara nyingi ni la kubuni na hubadilika kila mara. Richard D. James, anayejulikana zaidi kama Aphex Twin, amewahi pia kutoa kazi kwa majina ya AFX, Polygon Window na Caustic Window. Na mwaka 2015 alipakia zaidi ya nyimbo 100 ambazo hazijawahi kutolewa katika akaunti ya SoundCloud, tovuti ya kupakia na kusikiliza muziki, ambayo jina lake lilikuwa neno “user” (mtumiaji) likifuatwa na mkururo wa tarakimu. Mtu aliyekuwa akimtafuta kwa jina lake kuu asingeiona akaunti hiyo.

Chombo cha kuzifuatilia lebo ni Discogs, hifadhidata iliyoanzishwa na Kevin Lewandowski mwaka 2000, ambayo mwanzoni iliorodhesha muziki wa kielektroniki peke yake kabla ya kufungua milango kwa aina nyingine. Ubora wake kwa kazi yetu ni kwamba kila toleo lina ukurasa wake, na katika ukurasa huo lebo, namba ya toleo, jina la kubuni, jina halisi likijulikana, mhandisi aliyeandaa sauti na hata aliyechora jalada huwa ni viungo vinavyobonyezeka. Unaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine.

Nitoe mfano. Chukua Drexciya, kundi la elektro la Detroit la James Stinson na Gerald Donald, ambalo wewe bila shaka unalijua. Ukifuata santuri zao utakutana na Underground Resistance, lebo ya kwao Detroit. Utakutana na Tresor ya Berlin, na Rephlex ya Uingereza, ambayo huyohuyo Richard D. James alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Hadi hapo bado uko katika maeneo yanayofahamika. Lakini utakutana pia na Clone ya Rotterdam, na ukiwatazama wasanii waliotoa kazi Clone, kisha ukatazama ni wapi kwingine wametoa, utafika The Hague, katika lebo ya Bunker na kwa watu kama Danny Wolfers, yaani Legowelt, ambaye majina yake ya kubuni ni mengi kiasi kwamba ukurasa wake ni safari nyingine kamili. Kuanzia hapo unatazama ni nani aliyetoa santuri moja tu Bunker kisha akanyamaza. Huyo ndiye unayemtafuta. Hakuna mfumo wa mapendekezo ambao ungekuletea santuri hiyo, ila uhusiano wake na kitu unachokipenda ni wa kweli: watu hao walifahamiana na waligawana mashine na mafundi wa sauti.

Kwa muziki mpya, fanya vivyo hivyo katika Bandcamp, tovuti iliyoanza mwaka 2008. Chini ya albamu nyingi utaona picha ndogondogo za watu walioinunua. Bonyeza picha moja na utaona kila alichonunua mtu huyo, isipokuwa kama ameamua kukificha. Binafsi huwapita wale wenye makusanyo makubwa mno, kwa kuwa hununua kila kitu na hivyo hawanielezi chochote. Namtafuta mtu mwenye mkusanyo wa wastani ambaye tayari amenunua albamu mbili adimu ninazozipenda. Akiwepo, mkusanyo wake uliobaki unastahili kusikilizwa mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo majalada hayavutii. Katika muziki huu majalada husema uongo sana.

Kibonyezo alijibu:

Nitalichukua swali la pili, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi.

Ni vema kufahamu Shazam inafanya nini hasa, ili ujue ni lini utaitegemea na ni lini utaiacha. Programu hiyo haisikii wimbo kama tunavyousikia sisi. Hugeuza sauti kuwa ramani ya vilele, yaani nukta ambazo katika wakati fulani na masafa fulani sauti imekuwa na nguvu kuliko majirani zake, kisha hulinganisha mpangilio wa nukta hizo na mipangilio iliyohifadhiwa. Hapo kuna sababu mbili za kushindwa. Huenda wimbo haumo kabisa katika hifadhi yake, na hilo halina dawa. Lakini mara nyingi wimbo umo, isipokuwa dijei ameubadilisha mwendo. Mashine ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979 na kuwa kipimo cha vilabu vyote, ina kitelezi kinachoongeza au kupunguza mwendo hadi asilimia 8, na santuri ikizungushwa kwa kasi zaidi, sauti zake nazo hupanda. Ramani nzima ya nukta husogea, na Shazam haiitambui tena.

Dawa yake ni rahisi. Rekodi kipande cha miksi, kifungue katika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kisha upunguze kasi yake kwa asilimia 2, ujaribu tena. Kwa asilimia 4, ujaribu tena. Na kadhalika kushuka na hata kupanda. Hakikisha unabadilisha kasi nzima pamoja na kimo cha sauti (yaani wembamba au uzito wake), wala si mwendo peke yake, ikiwa dijei anatumia santuri. Anayechezesha faili za kidijitali huenda amefunga kimo cha sauti kisibadilike, na hapo utahitaji ile namna nyingine. Chagua pia sehemu ambayo wimbo unasikika peke yake. Watu wengi hupima pale wimbo unapoingia, wakati ambapo nyimbo mbili zinapigwa kwa pamoja, na matokeo yake ni kwamba mashine inaletewa nyimbo mbili zilizokorogwa na kutakiwa itaje mmoja.

Hilo likishindikana, waachie watu. Katika SoundCloud maoni hubandikwa kwenye sekunde husika ya miksi, kwa hiyo sogea hadi pale wimbo ulipo na usome. Mara nyingi kuna mwenzako aliyeuliza kabla yako, na safari nyingine kuna aliyejibu. Tovuti za MixesDB na 1001Tracklists hukusanya orodha za nyimbo zinazojazwa na wasikilizaji, ingawa ya pili inaelemea zaidi kwa madijei wa majukwaa makubwa.

Kuna ujanja mwingine ambao sioni ukitajwa mara kwa mara. Dijei huwa na mzigo mmoja wa nyimbo kwa majuma kadhaa, na hupiga nyimbo zilezile katika vilabu na katika redio. Tazama miksi yako ilirekodiwa lini, kisha tafuta kipindi cha redio alichokifanya dijei huyohuyo karibu na tarehe hiyo, kwa sababu vipindi vya redio aghalabu huchapishwa pamoja na orodha ya nyimbo. Wimbo usio na jina kwenye miksi hujitokeza ukiwa na jina lake kamili kwenye kipindi. Ikiwa dijei ana akaunti ya Bandcamp iliyo wazi, pitia na alivyovinunua.

Na kama una santuri yenyewe mkononi, ile isiyo na maandishi yoyote kwenye karatasi ya katikati, iinamishe kwenye mwanga na usome sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa wimbo na karatasi hiyo. Kuna herufi na namba zilizokwaruzwa pale na aliyeikata santuri, yaani fundi aliyechonga mifereji yake ya sauti. Ziandike vilevile zilivyo katika sehemu ya kutafutia ya Discogs. Ron Murphy wa Detroit, aliyekata santuri nyingi sana za tekno ya mwanzo, alikuwa akiweka herufi NSC, kifupi cha National Sound Corporation yake, na pengine ujumbe mfupi, na santuri zilizokatwa na studio ya Dubplates & Mastering ya Berlin nazo zina alama zao. Hata usipopata jina la wimbo, utajua ulikatwa katika mji gani, na huo si mwanzo mbaya.

Sikio la Tatu alijibu:

Namheshimu Mchimba Santuri, ila naona ameyahukumu mapendekezo ya mashine kwa ukali unaozidi. Ni kweli kwamba programu za kulipia kwa mwezi hukurudisha kwa vigogo. Lakini YouTube imefanya kazi ambayo lebo nyingi hazikuifanya. Albamu ya mwanamuziki wa Japani Midori Takada ya mwaka 1983, ambayo ilikuwa karibu imesahaulika nje ya duru za wakusanyaji, ilifikia masikio ya watu wengi kwa sababu mfumo wa YouTube uliipendekeza kwao pasipo wao kuiomba, na mwaka 2017 ikachapishwa upya. Si muziki wa vilabu, nakubali, ila ni mfano wa kitu adimu kilichofufuliwa na mashine.

Tofauti inatokana na vitu vilivyomo. Katika YouTube kuna wakusanyaji wanaopakia santuri zao moja moja, zikiwa na mikwaruzo yake, na wengi wao hawana haki wala nia ya kuziweka kwenye programu nyingine. Mashine ikiwa na ghala la namna hiyo, mapendekezo yake huwa na maana. Mimi hutumia akaunti ya pekee kwa kazi hii, ambayo haijawahi kutazama habari, mpira wala vichekesho, na sibonyezi chochote chenye watazamaji wengi. Baada ya muda, upande wa kulia wa ukurasa hubadilika kabisa. Ukipata chaneli ya mkusanyaji unayekubaliana naye, acha mapendekezo na upange video zake kuanzia ya zamani zaidi. Zile za kwanza, alizozipakia kabla hajapata wafuasi, ndizo zinazoonyesha anachokipenda kweli.

Mchimba Santuri alijibu:

Hoja hiyo naipokea kwa sehemu ya YouTube. Ila utaona kwamba hata huko unamalizia kwa kumfuata mtu.

Mhifadhi alijibu:

Wenzangu wamezungumzia santuri na maduka. Ningependa kuongeza habari za muziki ambao haukuwahi kuwa santuri wala bidhaa, kwa sababu huko ndiko kulikojificha mengi zaidi.

Mwaka 1987 ilitolewa programu ya Ultimate Soundtracker kwa kompyuta za Amiga, iliyotungwa na Karsten Obarski, na kutokana nayo kukazaliwa kizazi kizima cha watunzi waliotengeneza muziki kwa njia nne tu za sauti. Faili zao zilibeba sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti, pamoja na maelekezo ya namna ya kuzipiga, kwa hiyo zilikuwa ndogo sana na ziliweza kusambazwa kati ya kompyuta kwa laini za simu za mezani na kwa disketi. Nafasi zilizokusudiwa majina ya sampuli walizijaza salamu, matusi kwa wapinzani na wakati mwingine majina yao. Faili hizo zimehifadhiwa katika The Mod Archive, tovuti iliyopo tangu mwaka 1996, na zinapakuliwa bure. Mengi ni mazoezi ya vijana, sitakuficha. Lakini ndani yake kuna tekno na muziki mtulivu wa miaka ya 1990 ambao ungetoka kwenye lebo ya London ungekuwa unauzwa leo kwa bei ya kutisha.

Warithi wao walikuwa lebo za mtandaoni zilizotoa albamu bure kwa idhini ya watunzi wenyewe. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina sehemu nzima iliyotengwa kwa ajili ya lebo hizo. Namna nzuri ya kuitumia ni kuchagua lebo moja na mwaka mmoja, kwa mfano kati ya 2000 na 2008, na kusikiliza kwa mpangilio wa kutolewa, badala ya kupanga kwa wingi wa upakuaji, kwani mpangilio huo wa mwisho unakurudishia tatizo lilelile ulilolikimbia.

Kwa redio, NTS ya London, iliyoanza mwaka 2011, huhifadhi vipindi vyake na mara nyingi huweka orodha za nyimbo zilizopigwa. Usianze na vipindi vya wageni mashuhuri. Anza na vya wale watangazaji wanaorudi kila mwezi kwa miaka mingi, kwa sababu mtu mwenye saa mbili za kujaza kila mwezi hulazimika kuchimba.

Halafu kuna muziki uliokuwa ukienea mkono kwa mkono, katika simu na kadi za kumbukumbu, kabla ya kuwa na ukurasa wowote. Gqom ya Durban, Afrika Kusini, na singeli ya Dar es Salaam, aina mbili za muziki wa kuchezea, zote zilikuwa na maelfu ya wasikilizaji wakati ambapo mtu wa mbali asingeweza kuzipata kwa kutafuta. Mikusanyo kama Gqom Oh! ya mwaka 2016 na Sounds of Sisso ya mwaka 2017, huu wa pili ukiwa umetolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliwafungulia wageni mlango, lakini mkusanyo ni uteuzi wa mtu mmoja. Yachukue majina ya watayarishaji yaliyoandikwa humo, uyatafute moja moja katika YouTube na SoundCloud, na utaona kwamba kazi zilizoachwa nje ni nyingi kuliko zilizoingizwa, na baadhi ni bora.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa msisitizo: ukikipata kitu, kipakue na ukilipie pale panapowezekana, usikiache kwenye kiungo. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii, ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwake kabla ya 2016 zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Baadaye zikapatikana takriban 490,000, ambazo sasa zimo katika Internet Archive. Hesabu mwenyewe kilichobaki nje. Bandcamp nayo iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022 na kuuzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na ingawa inaendelea kufanya kazi, albamu yenye wasikilizaji kumi haina wa kuitetea ikiwa mmiliki mpya ataamua vinginevyo.

Msikivu aliandika:

Nawashukuru nyote kwa majibu yenye uzito. Ushauri wa kubadilisha kasi katika Audacity umezaa matunda mara moja: wimbo mmoja uliokuwa ukinisumbua ulitambulika nilipoupunguza kwa asilimia 6, na kumbe ulikuwa umetolewa na lebo niliyokuwa nayo tayari kwenye kabati. Njia ya makusanyo ya wanunuzi nayo nimeianza na naona inakwenda.

Ila imenifikisha mahali penye shaka. Nimekutana na ukurasa wa msanii wa muziki mtulivu wa kielektroniki ambaye hana picha, hana maelezo, hana mji, na ametoa albamu nyingi mno ndani ya mwaka mmoja. Muziki wenyewe si mbaya. Je, kuna namna ya kujua kama huyu ni mtunzi aliyeamua kujificha au ni kazi ya akili bandia iliyopewa jina la kubuni? Ikiwa thamani ya utafutaji huu ni kumfikia mtu aliyefanya kazi gizani, basi sitaki kuishia kwenye giza lisilo na mtu.

Kibonyezo alijibu:

Shaka yako ina msingi. Mwezi Aprili 2025 Deezer, programu ya kusikilizia muziki, ilieleza kwamba asilimia 18 ya nyimbo zilizokuwa zikipakiwa kwake kila siku, yaani zaidi ya 20,000, zilikuwa zimetengenezwa kikamilifu na akili bandia. Muziki mtulivu usio na sauti ya mwimbaji ni rahisi kuzalishwa kwa njia hiyo. Kwa sikio peke yake sidhani kama utaweza kuamua kwa uhakika, hasa kazi ikiwa imepitishwa katika vichujio vinavyoiga mkwaruzo wa kanda.

Mchimba Santuri alijibu:

Ukosefu wa picha na maelezo usikufanye umhukumu mtu. Muziki huu una desturi ya zamani ya kujificha. Santuri za lebo ya Basic Channel ya Berlin, zilizoanza kutoka mwaka 1993, zilikuwa na maandishi yaliyovurugwa hata yasisomeke vizuri, na mtunzi Burial wa London alisikilizwa kwa miaka kadhaa kabla jina lake halijajulikana mwaka 2008. Wote hao walikuwa na mashahidi, hata hivyo: kulikuwa na lebo, na kiwanda cha santuri, na duka lililoziuza, na madijei waliozipiga.

Kwa hiyo acha kumchunguza msanii, wachunguze mashahidi wake. Je, kuna mtu mwingine aliyewahi kuitoa kazi yake, au kila kitu kimetoka kwake mwenyewe? Je, jina lake limo katika orodha ya kipindi chochote cha redio ambacho mtangazaji wake anajulikana? Je, ana kazi zenye tarehe za kabla ya mwaka 2022, wakati ambapo zana hizi hazikuwa zimeenea? Je, kuna rimiksi, yaani toleo jipya la wimbo wake, aliyofanyiwa na mtu mwenye historia? Albamu ikiwa imetaja mhandisi aliyeandaa sauti, mtafute mhandisi huyo katika Discogs na uone kama kazi hiyo inalingana na nyingine alizozifanya. Jibu moja la ndiyo linatosha kunifanya niendelee kusikiliza. Yote yakiwa hapana, na albamu bado zinamiminika, mimi huondoka.

Wingi wa albamu peke yake haunipi mashaka makubwa, kwa sababu wapo watunzi waliokuwa wakizalisha kwa kasi hiyo tangu enzi za kaseti. Tazama zaidi urefu wa nyimbo. Nimeona kurasa ambamo kila wimbo una urefu unaokaribiana sana na mwenzake, albamu baada ya albamu, na majina yanayozungusha maneno yaleyale machache. Mtu anayetunga kwa mashine zake mwenyewe hupitiliza, hukatiza, husahau kuzima rekoda.

Tuwekee kiungo cha ukurasa huo hapa. Mhifadhi anaweza kuangalia kama kuna nakala zake za zamani katika Internet Archive, nami nitapitia makusanyo ya walionunua nione ni watu wa namna gani.